Honda CG125: pikipiki kuukuu ya kuanzia ukitaka kufufua ya kwako nyumbani

Kama hujawahi kufungua injini maishani na umeingiwa na hamu ya kufufua pikipiki kuukuu nyumbani kwako, tafuta Honda CG125. Yangu nimeimaliza, iko kwa jina langu, na ndiyo inayonipeleka kazini Soko la Uhuru na kunirudisha Buruburu. Siku za kununua vitambaa inanifikisha Eastleigh na kurudi na robota nyuma. Mimi ni fundi wa nguo, nashona yunifomu za shule. Kazi ya chuma sikuwa nimeigusa kamwe, na pikipiki hii ilinipokea vizuri. Shida zipo pia, nitazisema, ingawa nyingi nilizikuta kwenye kaunta za spea.

Honda walianza kuiuza mwaka 1976, na walikuwa wakiwafikiria watu wa nchi kama yetu. Pikipiki nyingine ndogo za Honda za enzi hizo zilikuwa na kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, juu kwenye kichwa cha silinda, ikizungushwa na cheni. Mtambo wa namna hiyo unataka oili safi bila kukosa. Sasa mtu anayepakia gunia la viazi na abiria juu yake, akapiga barabara ya vumbi kutwa, oili huikumbuka injini ikishaanza kulia. Basi kemshafti ikarudishwa chini, jirani na kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), ikazungushwa kwa gia, na valvu zikawa zinafunguliwa na fimbo mbili nyembamba zinazopanda ubavuni mwa silinda. Cheni ya mwendo nayo ikafunikwa mzima ndani ya bati lake, isile mchanga.

Kwa mtu anayejifunza, hizo fimbo mbili ni baraka. Ukitaka kutoa kichwa cha silinda, unafungua kifuniko cha valvu, unalegeza nati, unavuta fimbo, kichwa kinatoka. Taimingi, yaani mpangilio wa valvu na pistoni, hujaigusa. Hakuna cheni ya kudumbukia ndani ya injini, hakuna alama za kulinganisha ukirudisha. Unaweza kufungua Jumamosi, ukaacha kila kitu juu ya gazeti, ukaenda kazini wiki nzima na ukarudi kukikuta kama ulivyokiacha.

Halafu kuna faida ya kuwa Nairobi. Injini nyingi za Kichina za 125 na 150 zilizojaa stejini zimenakiliwa kutoka kwa hii CG. Fundi anayekaa chini ya mti pale Donholm akirekebisha nduthi za Kichina anaijua injini yako hata kama hajawahi kuiona Honda yenyewe. Gasketi, kebo, sahani za klachi, vitu hivyo vinapatikana Kirinyaga Road, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan, na kwa bei ya boda. Boxer, ile boda ya Bajaj, ina injini ya mpangilio mwingine kabisa, kwa hiyo mtu akikwambia spea za Boxer zitaingia, mshukuru uende duka la pili.

Yangu niliinunua kwa mzee wa mtaani kwetu aliyestaafu kazi ya mifugo. Ni ya miaka ya tisini, ya volti 12, ilikuwa imesimama chini ya ngazi miaka mingi ikifunikwa na turubai. "Mwanangu, hii imenizungusha Machakos yote nikichanja ng'ombe," aliniambia, na akanikabidhi logibuku iliyokunjwa vizuri ndani ya bahasha ya kaki. Ukipata ya volti 6, zile za mwanzo zenye platini za kuwashia cheche, si mbaya, lakini jua kwamba balbu na betri zake utazisaka, wakati za 12 ziko kila kibanda.

Kabla sijaifungua, kila niliyemwonyesha alinishauri niitupe injini niweke mpya ya Kichina. Nilikataa, na ningemshauri yeyote akatae. Kwanza namba ya injini iko kwenye logibuku, na ukibadilisha injini lazima ubadilishe na rekodi NTSA, mamlaka ya usafiri. Pili, chuma chenyewe. Nilipofungua kifuniko cha klachi, gia za ndani zilikuwa laini, kingo zake zimesimama, hazina hata jino lililoumia, na hii ni pikipiki iliyopanda vilima vya Ukambani kwa miaka na miaka. Kitu kilichochakaa kilikuwa silinda na pistoni, basi. Vingine vilikuwa uchafu, kutu na mpira uliokauka.

Uchafu na kutu ndivyo vitakavyokula muda wako, kwa hiyo niviseme kwa kirefu kidogo.

Skrubu za kifuniko cha injini ni za Kijapani. Ukiziangalia haraka utaona nyota ya kawaida, lakini shina la nyota yake si sawa na la bisibisi tunazouziwa kila mahali. Bisibisi ya kawaida hukaa juu juu, na ukikaza mkono inaruka na kula kichwa cha skrubu. Kwenye mitumba ya vifaa Gikomba niliipata bisibisi ya kugonga kwa nyundo, ile inayozunguka kidogo kila inapopigwa, ikiwa na ncha ya Kijapani iliyoandikwa JIS. Hicho ndicho kifaa nilichokithamini kuliko vyote. Unapaka mafuta ya kulegeza kutu jioni, asubuhi unaweka ncha, unagonga mara moja kwa uzito, na skrubu inalegea. Ukiirudisha, weka boliti ya kichwa cha alen badala yake. Zinauzwa kwa kilo.

Tangi lilikuwa zito kwa kutu. Ukilitikisa lilisikika kama kayamba. Wengi huweka kokoto au nati ndani na kulitikisa, lakini njia hiyo inaacha kutu kwenye pembe na inaweza kupinda bati jembamba. Mimi nilitumia umeme na magadi. Magadi haya haya ya Ziwa Magadi tunayotia kwenye maharagwe, nilinunua kwa mama mboga. Kwanza unaliosha tangi kwa maji ya sabuni tena na tena mpaka harufu ya petroli iishe kabisa, hilo si jambo la mzaha. Unaziba tundu la bomba, unajaza maji yenye magadi, kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita nne. Unaning'iniza kipande cha nondo kupitia mdomo wa tangi, umekishika kwa kibao kisiguse bati popote. Chaja ya betri ya gari: chanya kwenye nondo, hasi kwenye tangi. Usigeuze, maana ukigeuza ni tangi litakaloliwa.

Baada ya muda mfupi mapovu madogo yanaanza kupanda, na juu ya maji panatanda povu la kahawia. Nondo inavimba kwa uchafu. Unaitoa, unaikwangua, unairudisha. Ndani ya tangi kutu inageuka kuwa masizi meusi laini yanayotoka kwa kusuuza tu. Nilipomulika tochi kesho yake niliona bati la kijivu mpaka kwenye mshono wa chini, na matundu hayakuwepo. Fanyia kazi hii nje, mbali na jiko na sigara, kwa sababu mapovu yale ni hewa inayoshika moto. Na usitumie chuma kisichoshika kutu mahali pa nondo, maji yake huwa sumu. Ukimaliza, suuza, kausha haraka juani na umwagie petroli yenye oili kidogo, la sivyo kutu nyepesi itarudi ukiwa bado unatafuta kitambaa.

Sasa spea. Grogan kuna maduka ya watu waaminifu na kuna maduka ya kukutazama machoni wakikuuzia uongo, na kwa nje yanafanana. Kipenyo cha kawaida cha silinda ya CG ni milimita 56.5, na yangu ilikuwa imelika kiasi cha kuhitaji pistoni kubwa zaidi, ile ya nusu milimita juu, 0.50. Kanuni ni kununua pistoni kwanza, kisha silinda ichongwe kuifuata. Duka moja likanipa boksi limeandikwa 0.50. Nikaibeba mpaka Kariobangi Light Industries, kwa fundi wa kukereza niliyeelekezwa na wauza cherehani. Yeye, kabla hata ya kuniuliza habari, aliifuta grisi kichwani mwa pistoni kwa kidole gumba. Pale juu palikuwa pamegongwa herufi ndogo: STD. Akaibana kwenye maikromita, ikasoma chini kidogo ya 56.5. Pistoni ya kawaida ndani ya boksi la 0.50.

Nilirudi dukani siku hiyo hiyo.

"Dada, hii ni 0.50, soma boksi."

"Boksi nimelisoma, kaka. Sasa tusome pistoni."

Akaiangalia, akaiweka chini, akasema mali ikishavuka kaunta hairudi. Nilisimama pale mpaka wateja wengine wakaanza kusikiliza, na bado hakuirudisha. Nilinunua nyingine kwa duka la mbele kidogo, ambako muuzaji mwenyewe alifungua boksi, akafuta grisi, akanionyesha alama na akaandika kipimo kwenye risiti. Hivyo ndivyo mtu anavyopaswa kuuza spea. Tangu siku hiyo sinunui kitu ambacho muuzaji hataki kifunguliwe mbele yangu, na naomba na wewe usinunue, kwa sababu silinda ikishachongwa vibaya haina kurudi nyuma.

Yule fundi wa Kariobangi nampa sifa zote. Aliichonga silinda, akaisugua kwa honi, lile jiwe la kunolea silinda, mpaka ndani ikawa na mistari iliyokatana, akaiosha kwa maji ya sabuni, akapitisha kitambaa cheupe ndani. Kitambaa kilipotoka na doa la kijivu akaiosha tena. Alinieleza kwamba unga wa jiwe la honi ukibaki, pistoni mpya inalika ndani ya wiki chache. Mtu wa kazi safi kiasi hicho nilimwelewa mara moja.

Kuhusu kipi cha kununua kipya na kipi cha kutunza, msimamo wangu ni huu. Vinavyolika kwa asili yake, nunua hata vya Kichina: gasketi, breki shu, kebo, mipira. Cheni ni ya saizi 428, sawa na boda nyingi, kwa hiyo ipo ya kuchagua, na hapo ongeza pesa kidogo upate nzito. Plagi nunua NGK kwenye duka unaloliamini, maana za bandia zimejaa. Lakini kabureta ya asili, ile iliyoandikwa Keihin ubavuni, usikubali kuibadilisha eti mpya ni bei rahisi. Hizo za bei rahisi nilizoshika, skrubu ya hewa inalegea yenyewe na boya lake halifungi petroli sawasawa. Ya asili ioshe. Chovya sehemu za shaba kwenye dawa ya kabureta usiku kucha, kisha pitisha unywele wa brashi ya nailoni kwenye tundu la jeti, kile kishaba kinachopitisha petroli. Usipitishe sindano. Nashika sindano kila siku na ninajua inavyofanya tundu: shaba ni laini, sindano inalipanua, na injini itakunywa petroli kuliko inavyostahili. Na chochote cha asili unachokitoa, kihifadhi kwenye mkebe mpaka kile kipya kiwe kimefungwa na kimefanya kazi.

Waya zilikuwa zimepitiwa na mafundi wengi, viunganisho vimefungwa kwa nailoni ya mkate. Hapo Honda wanakusaidia tena, rangi zao ni zile zile: kijani ni ardhi, nyekundu inatoka betri, nyeusi inapata moto ukiwasha swichi. Ukijua hizo tatu unaweza kufuata kila taa mpaka mwisho wake. Niliziweka upya zote, moja moja.

Rangi nilimwachia kijana wa kupuliza. Kusugua msasa na kuondoa rangi ya zamani nilifanya mwenyewe uani, yeye akapuliza nyekundu ile ya Honda na varnishi juu. Kazi nzuri, bei ya haki. Kromu ya madgadi niliulizia, bei waliyonitajia ingenunua tairi mbili na chenji, kwa hiyo niliing'arisha iliyokuwepo na madoa yake nikayaacha.

Kiti, hicho kilikuwa changu. Nilikifumua kwa wembe mshono kwa mshono, nikakitandaza mezani na kukitumia kama patani, kwa sababu kifuniko cha asili kinajua pembe za kiti kile kuliko kipimo chochote cha futi. Reksini nzito, sindano namba 18, uzi wa nailoni, mishono ya juu yenye mistari ya sifongo ndani kama ya kiwandani. Viti vipya vinavyouzwa Grogan huwa vinanyonya maji ya mvua na kukulowesha siku mbili baadaye, na sababu ni matundu ya sindano. Kati ya sifongo na reksini weka karatasi nene ya nailoni, ikunjwe chini pamoja na kifuniko. Hakuna fundi wa viti aliyenifanyia hivyo wala kunitajia, na mvua ndefu imepita nikiwa nimekalia kiti kikavu.

Siku ya kuiwasha nilikuwa nimepima nafasi ya valvu kwa fila geji, milimita 0.08, injini ikiwa baridi, na oili mpya karibu lita moja. Ilianza kwa kiki, ikatoa moshi wa grisi ya kufungia, kisha ikatulia. Mlio wake ni wa chini, wa kutikatika, tofauti na boda mpya zinazopiga kelele. Mzee wa mifugo alitoka nje bila kuitwa.

Sasa upungufu wake, maana mnunuzi anapaswa kuujua. Breki ya mbele ni ya ngoma. Hata ikiwa na shu mpya na kebo iliyotiwa mafuta, kwenye Jogoo Road saa kumi na mbili jioni lazima uache nafasi kubwa kuliko wanayoacha wenzako, na matatu wataijaza hiyo nafasi. Taa ya mbele ni hafifu, nikichelewa kazini naendesha polepole. Nguvu yake ni ya kutosha mtu na mzigo, si ya kushindana Thika Road, na mimi huko siendi nayo. Vifuniko vya pembeni na nembo za tangi za asili hazipatikani kirahisi. Yangu moja imetengenezwa kwa faiba na ukiitazama kwa karibu utaona. Na kama unataka pikipiki ya kupendeza tu siku ya Jumapili, zipo nzuri zaidi kwa sura.

Gharama yote, pamoja na bei ya kuinunua, haikufika nusu ya bei ya Boxer mpya. Pesa nyingi zilikwenda kwa tairi, kuchonga silinda, rangi na ile pistoni ya kwanza iliyokaa kwenye droo yangu hadi leo.

Ukiipata inayouzwa, isukume kiki kwa mkono kabla ya mguu. Ikiwa ngumu kidogo kisha inalegea, pumzi bado ipo. Ikishuka bure, piga hesabu ya silinda. Ikiwa haishuki kabisa, mwagia oili kwenye tundu la plagi uiache siku kadhaa, na usilipe bei ya injini nzima. Angalia namba kwenye shingo ya fremu na namba kwenye kasha la injini, zilinganishe na logibuku herufi kwa herufi. Jina kwenye logibuku liwe la mtu aliyesimama mbele yako, si la mjomba aliyehamia Kitale. Mwombe aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake ya eCitizen mkiwa mmekaa pamoja, na salio umpe ukishaona ombi limefika kwako.